Mbolea na miti inayojitengenezea nitrojeni kwenye turbe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Bukavu

Maswali haya yametoka kwa wapanda miti wa Kabare, Walungu na pembezoni mwa Bukavu wenye kipande cha bonde chenye turbe, yaani ule udongo mweusi, laini na mwepesi wa kinamasi. Wengi huja wakiwa wamekwisha kununua mbolea, kwa hiyo jibu la haraka nalitanguliza: kwenye turbe, mti unaojitengenezea nitrojeni usiupe mbolea yenye nitrojeni. Upe fosforasi na potasiamu, na majivu kama unayo. Sababu na masharti yake yako chini.

Mti "kujitengenezea" nitrojeni maana yake nini?

Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, ile ambayo shuleni kwetu inafundishwa kwa jina la azoti. Mti umezungukwa nayo mchana na usiku lakini hauwezi kuila, kwa sababu atomi zake mbili zimeshikana kwa nguvu sana. Wanaoweza kuzitenganisha ni bakteria wachache wenye kimeng'enya kiitwacho nitrojenasi, na baadhi yao wanaishi ndani ya vinundu vya mizizi. Kwenye kaliandra, sesbania na akasia, bakteria hao ni rizobia. Kwenye alnusi na mvinje ni jamii nyingine kabisa, Frankia, inayoota kama nyuzinyuzi.

Kazi hiyo ina gharama. Kugeuza molekuli moja ya nitrojeni ya hewa kuwa amonia kunakula molekuli 16 za ATP, yaani nguvu ambayo majani yameikusanya juani na kuishusha mizizini kama sukari. Mlipaji ni mti. Shika hilo, maana karibu majibu yote yanayofuata yanatoka hapo: mti ukipata nitrojeni ya rahisi mahali pengine, unaacha kulipa.

Papa agronomu, miti gani inafanya kazi hiyo? Grevilea imo?

Grevilea haimo. Najua inauzwa pamoja na "miti ya rutuba" na watu wanaamini hivyo, lakini haina vinundu vya nitrojeni. Ina vishada vya mizizi vyenye ufundi wa kunyonya fosforasi, na hilo ni jambo jingine. Mikaratusi nayo haimo.

Iliyomo ni hii. Alnusi (Alnus acuminata), iliyotoka milima ya Andes, inapenda baridi ya miinuko kama ya Kabare. Sesbania (Sesbania sesban) inavumilia mafuriko kuliko wenzake wengi. Kaliandra ni nzuri mlimani na pembeni mwa bonde, lakini mizizi yake haitaki kukaa majini. Lusina inachukia udongo wenye asidi, kwa hiyo kwenye turbe usipoteze mbegu. Huko Sumatra, kwenye turbe ya nchi ya joto, makampuni ya karatasi yamepanda akasia aina ya Acacia crassicarpa kwa eneo kubwa sana. Kwetu si mti wa kawaida.

Nitajuaje kama bonde langu ni turbe kweli?

Chukua donge bichi ulikamue kiganjani. Turbe inatoa maji ya kahawia na kubakiza nyuzi za mimea iliyooza nusu. Ikikauka inakuwa nyepesi ajabu, inawaka polepole na kuacha majivu machache. Mfinyanzi mweusi unanata vidoleni, ukikauka unapasuka, na hauwaki. Watu wa ng'ambo ya Ruzizi wanaijua vizuri habari ya kuwaka: kule Gishoma, wilaya ya Rusizi, kulijengwa mtambo wa umeme wa megawati 15 wa kuchoma turbe.

Chimba pia uone kina. Tabaka lenye kina cha sentimita 30 au 40, au zaidi, ndilo wataalamu wengi huliita turbe. Ukikuta sentimita kumi za weusi juu ya mfinyanzi ulioteremka kutoka mlimani, hilo ni bonde la kawaida, na sehemu ya majibu ya hapa haikuhusu.

Udongo mweusi namna hii si umejaa rutuba tayari?

Umejaa nitrojeni. Rutuba ni zaidi ya hapo.

Tupige hesabu. Turbe ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ina kilo 100 hivi za kitu kikavu. Sentimita 20 za juu za hekta moja ni tani 200. Ikiwa asilimia 2 yake ni nitrojeni, na hicho ni kiwango cha kawaida, una tani 4 za nitrojeni chini ya miguu yako, sawa na magunia zaidi ya 170 ya urea ya kilo 50. Tatizo ni kwamba imefungwa ndani ya mabaki ya mimea, nayo inatoka kidogo kidogo kadiri hayo mabaki yanavyooza. Yasipooza kwa sababu ya maji na asidi, haitoki.

Sasa tazama upande wa pili. Katika sentimita hizohizo 20, fosforasi mara nyingi ni kilo mia moja hivi, na potasiamu ni makumi ya kilo tu. Turbe haina mawe wala chembe za madini zinazoachia potasiamu mwaka hadi mwaka kama udongo wa mlimani. Miti ikivunwa mara moja au mbili, kilichokuwapo kimekwisha kuondoka. Ndiyo maana nasema mtu anayemwaga urea kwenye turbe ananunua kitu alicho nacho na kukiacha asicho nacho.

Nimekwisha weka urea kwenye alnusi. Nimeiua?

Hujaiua. Mti utakuwa kijani zaidi kwa muda na utakushukuru. Wanaoumia ni wapangaji wa mizizini. Urea inageuka amonia, na penye hewa sehemu yake inageuka nitrati. Mti unainywa, majani yanashiba nitrojeni, kisha unapunguza sukari inayoshuka vinunduni. Kazi ya nitrojenasi inaanza kushuka ndani ya siku chache, na vinundu vipya vinapungua. Nitrati ndiyo inayozima haraka zaidi. Amonia nayo inazima, ila polepole. Nitrojeni ya dukani ikiisha, vinundu vinarudi kazini, lakini umelipia kitu ambacho mti ulikuwa unajiletea bila wewe.

Na si yote inayobaki shambani. Bonde ni mahali maji yanapopita: mvua kubwa moja ya Novemba inaweza kuiondoa nitrati kuelekea mtoni na ziwani.

Mahali pekee ambapo nashauri nitrojeni kidogo ni pepinyeri, yaani kitalu cha miche, kwenye miche michanga ambayo bado haijapata vinundu. Kidogo maana yake kidogo. Miche iliyolishwa sana inatoka pepinyeri ikiwa mirefu, ya kijani, na mizizi mitupu.

Je, DAP au NPK ya 17-17-17?

Soma namba ya kwanza kwenye mfuko, hiyo ndiyo nitrojeni. DAP ni 18-46-0: fosforasi nyingi, lakini ina nitrojeni 18 na haina potasiamu hata kidogo. Kwa viazi na mahindi ni nzuri. Kwa alnusi kwenye turbe inakupa kimoja unachotaka, kimoja usichotaka, na kukunyima cha tatu. NPK ya 17 tatu ina vyote, ila theluthi ya unacholipia ni nitrojeni. Kama hakuna kingine dukani, DAP kiganja kimoja shimoni wakati wa kupanda haitakuharibia mradi. Usiirudie tu.

Kwa nini fosforasi inasaidia vinundu?

Kwa sababu ATP yenyewe imejengwa kwa fosforasi, na kinundu ni kiwanda kinachokula ATP kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mzizi. Mti wenye njaa ya fosforasi unatoa vinundu vichache na vidogo. Potasiamu inafanya kazi tofauti: inasaidia kusafirisha sukari kutoka majani hadi mizizini na kuuwezesha mti kutumia maji vizuri.

Wengi wanadhani mbolea hii inafanya kila kinundu kifanye kazi kwa kasi zaidi. Mara nyingi sivyo. Ukipima gramu moja ya kinundu cha mti uliopewa fosforasi na gramu moja ya kinundu cha mti usiopewa, tofauti inaweza kuwa ndogo. Kinachobadilika ni ukubwa wa mti: majani mengi zaidi, mizizi mingi zaidi, basi na uzito wa vinundu vyote kwa pamoja unapanda. Kwa hiyo usitegemee muujiza wa mwezi mmoja. Faida inakuja pamoja na mti unavyokua.

Haya yamechunguzwa zaidi Finland, nchi iliyokausha karibu hekta milioni 5 za vinamasi ili ipate mbao. Miti yao ilipoanza kudumaa na ncha za majani kuwa za njano, waligundua kwamba kilichopungua sana ni potasiamu na fosforasi. Wamejaribu pia alnusi za kwao, Alnus incana na Alnus glutinosa, hata kwenye viwanja ambako turbe ilikuwa imechimbwa ikaisha. Baridi yao si yetu na mti wao hulala nusu mwaka, kwa hiyo vipimo vyao navichukua kwa tahadhari. Kanuni ya fosforasi na potasiamu naichukua bila wasiwasi.

Niweke kiasi gani?

Kipimo cha kawaida cha misitu ya turbe ya kaskazini ni kilo 40 hivi za fosforasi na 80 za potasiamu kwa hekta. Kwa TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na nitrojeni, ambayo karibu asilimia 20 yake ni fosforasi halisi, hiyo ni kilo 200 kwa hekta. Ukipanda kwa mita 2.5 kwa 2.5 unakuwa na miti 1,600, basi ni gramu 125 kwa mti. Mimi ningeanza na nusu yake mwaka wa kupanda, nikaangalia, nikaongeza mwaka unaofuata.

Usiimwage shinani. Tengeneza duara sentimita 30 kutoka kwenye shina, ufukie kidogo.

TSP au fosfeti ya mawe?

Hapa turbe na mlima vinaachana kabisa. Udongo mwekundu wa milima ya Walungu una chuma na alumini nyingi. Fosforasi ikifika, vinaikamata na kuificha. Turbe haina vikamatio hivyo, au inavyo vichache. TSP inayeyuka mara moja, mti unachukua kiasi unachoweza, na kinachobaki kinaondoka na maji. Fosfeti ya mawe iliyosagwa, kama ile ya Minjingu huko Tanzania, inayeyuka polepole, na asidi ya turbe ndiyo inayoiyeyusha. Kwa hiyo mbolea ile ile inayoonekana mvivu kwingine, kwenye turbe yenye asidi ndiyo mahali pake. Ukiipata kwa bei inayofanana na ya TSP, ichukue. Usipoipata, gawa TSP mara mbili au tatu badala ya kuiweka yote kwa mkupuo.

Mama mmoja anauza majivu ya makala (makaa) kwa gunia. Yanafaa?

Yanafaa, na Bukavu hayatakosekana maadamu tunapikia makala. Kuni na makala vikiungua, nitrojeni inapaa na moshi; fosforasi, potasiamu, kalisi na magnesi vinabaki majivuni. Kwa mti wetu hicho ndicho tunachotafuta: mbolea ambayo moto umekwisha kuiondolea nitrojeni. Juu ya hayo majivu yanapunguza asidi na yanaleta madini yale madogomadogo. Fosforasi yake ni chache, asilimia moja hivi, ndiyo maana kiasi kinakuwa kikubwa: Finland hutumia tani 3 hadi 5 kwa hekta, yaani gramu 300 hadi 500 kwa kila mita moja ya mraba.

Masharti ni matatu. Yawe ya mti, si ya taka: majivu yenye plastiki, betri au mbao za rangi usiyaingize bondeni ambako watu wanalima mboga na kuteka maji. Yasiwe yamenyeshewa nje miezi, maana potasiamu huyeyuka upesi na inakuwa imekwisha ondoka. Na yasiguse shina la mche. Majivu makavu ni makali, yanaunguza. Mwambie mama ayafunike kwa bashi (turubai).

Na chokaa?

Chokaa inapunguza asidi, na rizobia hasa wanapenda hivyo. Frankia wa alnusi wanavumilia asidi zaidi. Lakini chokaa nyingi inaifanya turbe ioze haraka, inaachia nitrojeni, na hiyo nitrojeni inazima vinundu kama urea. Majivu kwa kipimo nilichosema yanatosha.

Nimeweka vyote lakini ncha za miti zinakufa. Kwa nini?

Shuku shaba au boroni. Turbe inashika shaba kwa nguvu sana hata mizizi inashindwa kuipata, na boroni huwa haba. Ajabu yake ni kwamba upungufu unajitokeza baada ya mbolea: mti uliokuwa umedumaa hauhitaji shaba nyingi, ukiamka na kukua mbio ndipo inakosekana. Molibdeni nayo imo moyoni mwa nitrojenasi, pamoja na chuma. Bila hiyo kinundu kipo lakini hakizalishi. Vyote hivi vinahitajika kwa gramu, si kwa magunia, na kuzidisha boroni ni sumu. Waliotumia majivu hukutana na shida hii mara chache.

Nichimbe mifereji kwanza?

Swali hili nalijibu kwa urefu kila ninapoulizwa.

Kinundu kinahitaji hewa. Nitrojenasi yenyewe inaharibiwa na oksijeni, lakini bakteria wanahitaji oksijeni ili wapate nguvu ya kuiendesha, kwa hiyo mmea unaiingiza kwa kipimo. Maji yakisimama juu ya mizizi majuma kadhaa, kazi inakufa hata ukiweka mbolea ya dunia nzima. Hapo wenye mifereji wana haki.

Lakini turbe iliyokaushwa inaanza kuoza, na ikioza inapotea. Huko Holme, Uingereza, walisimika nguzo ya chuma mwaka 1851 kichwa chake kikiwa sawa na ardhi. Leo imetokeza juu karibu mita 4, na nguzo haikusogea. Kwenye mashamba ya akasia ya Indonesia, turbe iliyokaushwa imeshuka karibu mita moja na nusu katika miaka 5 ya mwanzo, kisha sentimita 5 hivi kila mwaka. Kitu kilichojengeka kwa milimita moja au pungufu kwa mwaka kinaondoka kwa sentimita.

Kuna jingine linalohusu vinundu moja kwa moja. Turbe ikioza inaachia ile nitrojeni yake iliyofungwa. Mti unainywa, unaacha kulipa bakteria, na majani yake yenye nitrojeni nyingi yakianguka yanaongeza tena. Nitrojeni iliyozidi inageuka gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo kwa kupasha dunia joto ina nguvu karibu mara 270 kuliko kaboni dioksaidi. Misitu ya alnusi kwenye turbe iliyokaushwa ni miongoni mwa ile inayotoa gesi hiyo kwa wingi. Yaani umepanda mti wa kuvuta nitrojeni hewani, halafu shamba linairudisha hewani kwa sura mbaya zaidi. Nchi yetu pamoja na Kongo-Brazzaville zina turbe ya bonde la kati ambayo mwaka 2017 ilikadiriwa kuwa na kilomita za mraba 145,500 na tani bilioni 30 za kaboni. Vipande vyetu vya Kivu ni vidogo mno ukilinganisha, lakini vinaoza kwa sheria ileile.

Ushauri wangu: panda pembeni, pale bonde linapokutana na mlima. Kwenye maji usichimbe mfereji wa kina. Inua matuta ya sentimita 30 hadi 50 na upande juu yake, maji yabaki karibu chini. Katikati paache mafunjo na matete yake. Na kinamasi cha ndani ya hifadhi, kama Musisi katika Kahuzi-Biega, hakiguswi kabisa.

Nitaonaje kama vinundu vinafanya kazi?

Chimbua taratibu upande mmoja wa mti, sentimita 10 hadi 20. Kwa sesbania na kaliandra, pasua kinundu kwa wembe: ndani kukiwa kwekundu au kwa waridi, kinafanya kazi, kijani, kijivu au cheupe, hakifanyi. Kwa alnusi usitafute wekundu huo. Vinundu vyake vinaishi miaka, vinashikana kama marijani hadi kuwa bonge, angalia ncha. Ncha za rangi hafifu, ngumu na mbichi ni hai. Bonge lote la kahawia linalovunjika kama mkate mkavu limekufa.

Kisha acha mistari miwili bila mbolea yoyote. Bila hiyo huna cha kulinganisha, na mwaka wa mvua nzuri utaupa mfuko wa dukani sifa isiyo yake.

Watafiti wanapimaje?

Wana njia mbili kuu. Ya kwanza ni kumpa nitrojenasi gesi ya asetilini, naye anaigeuza kuwa ethilini inayopimwa kwa mashine. Inaonyesha kasi ya saa ile tu. Ya pili inatumia nitrojeni nzito, ile ya uzito 15, na mti wa kulinganisha usio na vinundu uliopandwa jirani. Inaonyesha ni sehemu gani ya nitrojeni ya mti ilitoka hewani. Ukisoma matokeo yoyote, tazama kwanza ni njia ipi, maana mbolea inaweza kuonekana "imeshusha" kwa njia ya kwanza huku jumla ya mwaka imepanda kwa sababu mti umekuwa mkubwa.

Miche yangu ya alnusi haina vinundu hata kimoja. Mbolea itavileta?

Hapana. Kama bakteria hawapo, hakuna wa kulisha. Alnusi si mti wa asili wa Afrika yetu, na turbe isiyowahi kuwa na mti wa jamii hii inaweza kukosa Frankia wa kutosha. Nenda chini ya alnusi nzima iliyokomaa, chukua udongo wa mizizini na vinundu vichache, viponde, changanya na udongo wa pepinyeri. Kikapu kimoja kinatosha mamia ya vifuko. Chukua kwenye miti isiyo na ugonjwa.

Samadi ya ng'ombe?

Ipeleke mlimani kwenye maharagi. Huko inahitajika zaidi, na kwenye turbe nitrojeni yake ni ya ziada.

Niweke mbolea mwezi gani?

Septemba mwishoni au Oktoba, mvua zikishatulia na kabla hazijawa za kufurika. Usiweke kiangazi cha Juni hadi Agosti ukisubiri mvua ya kwanza iiyeyushe. Hiyo ya kwanza huja kwa hasira na kuibeba.

Nina kipande kidogo na pesa ya mfuko mmoja tu. Ninunue nini?

Usinunue mfuko. Kusanya majivu ya jikoni kwako na kwa majirani kuanzia sasa, kavu, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Pesa iweke kwenye miche iliyokwisha kuwa na vinundu. Mwambie mwenye pepinyeri atoe mmoja kwenye kifuko uone mizizi, na akikataa nenda kwa mwingine. Kikibaki kitu, nunua kilo chache za TSP dukani wanakopima kwa rejareja.